Mtoto wa Nyoka na Minyoo ya Kihambani

Mvua za masika zilipopungua, nilichota kikombe kimoja cha udongo chini ya mgomba katika kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la migomba, hapa Marangu, Kilimanjaro, nikautandaza juu ya tishu iliyolazwa ndani ya chujio la chai, kisha nikaliegesha chujio juu ya sahani ya maji, maji yakiigusa tishu kwa chini tu. Kulipokucha, minyoo wa udongo walikuwa wamejipenyeza hadi sahanini. Niliweka tone moja chini ya hadubini ya shule, ambayo huwa naielekeza dirishani kwa kuwa taa yake iliungua, na katikati ya minyoo wembamba walao bakteria nikamwona mmoja mwenye kinywa kipana kama pipa na jino moja kubwa ndani yake. Huyo alikuwa wa jamii ya Mononchus, ambao humeza minyoo wenzao.

Mzee jirani yangu alipita wakati huohuo. Baada ya shikamoo na marahaba, aliinama kwenye hadubini akauliza, "Mwalimu, hao si ndio wanaoangusha migomba yetu?" Nilimweleza kwamba waharibifu wa mizizi wana kitu kama sindano mdomoni cha kutobolea mimea, ilhali huyu ana jino, na chakula chake ni minyoo. Mzee akacheka: "Basi mtoto wa nyoka ni nyoka."

Kwa Mononchus methali hiyo haina kasoro. Yupo hata hivyo mnyoo mwingine anayeipinga, naye ni Pristionchus pacificus, aliyepewa jina hilo mwaka 1996 na ambaye amechunguzwa kwa miaka mingi katika taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani. Urefu wake ni takriban milimita moja. Wazazi walewale, wenye jeni zilezile, huzaa watoto wa vinywa viwili tofauti: kimoja chembamba chenye jino moja, kinachofaa kulia bakteria, na kingine kipana chenye jino lililopinda kama kucha, likikabiliana na jino la pili. Mwenye kinywa kipana anaweza kuitoboa ngozi ya lava wa Caenorhabditis elegans, yule mnyoo maarufu wa maabara, na kufyonza vilivyomo ndani. Serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, inahitajika ili jino lifanye kazi yake wakati wa kuuma.

Kinywa huamuliwa mnyoo angali lava, na akishakomaa hawezi kukibadili. Njaa humsukuma kuelekea kinywa kipana, na msongamano pia, kwa sababu minyoo hutoa kemikali zinazowajulisha wenzao kwamba mahali pamejaa. Ukiwalea katika majimaji yanayotikiswa, wengi wao hutoka na kinywa chembamba. Uwindaji nao una gharama, kwani wenye kinywa chembamba hukomaa mapema kidogo, na palipo na bakteria wa kutosha kuwahi kuzaa ni faida kubwa.

Mwaka 2013 Erik Ragsdale na wenzake walitangaza kwamba swichi ya uamuzi huu ni jeni iitwayo eud-1, inayotengeneza kimeng'enya cha kundi la salfatasi, yaani vimeng'enya vinavyoondoa salfeti kwenye kemikali nyingine. Jeni hiyo ikiharibiwa, minyoo wote hutoka na vinywa vyembamba. Ikizidishwa, wote huwa na vinywa vipana. Ipo kwenye kromosomu ya X, na kwa kuwa dume ana X moja tu huku huntha, yaani mnyoo mwenye jinsia zote mbili, akiwa nazo mbili, madume wengi hubaki walaji wa bakteria. Asili yake ni kurudufiwa kwa jeni ya zamani zaidi, ambapo nakala moja ilipata nafasi ya kushika kazi mpya. Sipendi kuiita jeni ya ukatili, maana inachoamua ni umbo la kinywa tu, na mwenye meno makali bado hula bakteria.

Lakini mwindaji anayezungukwa na wanawe atajuaje asiwale? Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulionyesha kwamba Pristionchus hushambulia minyoo wa ukoo mwingine, hata wa spishi yake mwenyewe, lakini huwaacha watoto wake, na kwamba utambuzi huo unategemea protini ndogo itokanayo na jeni self-1. Sehemu ya mwisho ya protini hiyo hutofautiana sana kati ya ukoo mmoja na mwingine. Kubadilisha asidi amino moja tu hapo kulitosha kuwafanya ndugu waumane.

Porini, minyoo hawa huishi na mbawakawa. Katika kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, wamepatikana juu ya mbawakawa wengi, wakisubiri wakiwa lava wasiokula hadi mwenyeji wao afe, ndipo waamke na kula bakteria wanaostawi kwenye mzoga, pamoja na minyoo wengine waliofika hapo.

Nilimsimulia mzee haya yote, naye alisikiliza bila kuifuta methali yake. Jioni iliyofuata aliniletea mbawakawa wawili ndani ya kiberiti, aliowaokota chini ya taa ya kibarazani kwake. Nimewaweka kwenye sahani yenye udongo wenye unyevu, juu nimefunika kioo. Mmoja amekufa jana. Wa pili bado anatembea.