Mpaka rangi wa nyota 35: siku yangu moja Kamasan, Bali

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana inatoka msikiti wa Kampung Gelgel, ninapopanga chumba. Nyumbani Bagamoyo wengi hawaamini kwamba Bali kuna kijiji cha Waislamu, seuze cha zamani hivi. Wenyewe husimulia kwamba wazee wao walikuja kutoka Java enzi za wafalme wa Gelgel. Naswali, nakunywa kahawa isiyochujwa, nashika baiskeli.

Saa moja. Kamasan, kijiji cha wachoraji, ni jirani tu. Ibu, mke wa fundi anayenifundisha kuchora, anaweka sadaka za maua na uvumba mlangoni. Leo zimezidi kwa sababu Jumatano imekutana na Kliwon, na siku hiyo ina heshima yake.

Wabali wana juma la siku saba kama letu, lakini wana na juma la siku tano: Umanis, Paing, Pon, Wage, Kliwon. Yote mawili yanakwenda pamoja, na Jumatano ya Kliwon ikishapita hairudi mpaka zitimie siku 35. Kila siku kati ya hizo 35 ina nyota yake, lintang, na anayezaliwa siku hiyo huirithi. Sisi tunazichora zote kwenye kitambaa kimoja, vyumba saba kwa vitano, na juu na chini yake miungu, miti na ndege wa siku saba. Picha hiyo huitwa palelintangan.

Saa mbili. Kusugua kitambaa. Pamba imechovywa kwenye uji wa mchele na kuanikwa juani mpaka imekauka kau. Sasa inalazwa juu ya ubao, na mimi nasukuma huku na huku mwanzi uliofungwa kauri kwenye ncha. Mwanzi umeegemezwa kwenye boriti ya paa ili ukandamize kwa nguvu. Kauri hilo ni lile lile tuliloliokota ufukweni utotoni, mgongo wake mviringo na laini, na linapopita uso wa kitambaa unaziba vitundu na kung'aa. Ukiharakisha, wino utasambaa baadaye. Mkono unauma kuliko kazi nyingine zote za siku.

Saa tatu hadi saa sita. Rangi. Bapak, yaani fundi mwenyewe, huchora mistari ya kwanza na ya mwisho. Katikati ni kazi ya wanawake wa nyumba, pamoja na mimi. Wananicheka, kisha wananipisha kwenye mkeka. Nyekundu ya udongo tunaisaga kwa maji na gundi, nyeusi ni masizi ya taa. Nyeupe ya asili hutoka kwenye mfupa wa nguruwe uliochomwa. Nilipouliza, Ibu alinieleza bila kupepesa macho, na tangu hapo nyeupe anaipaka yeye.

Leo nimepaka Yuyu, kaa. Perahu Pegat, mashua iliyovunjika. Na Bubu Bolong, dema lililotoboka. Hilo la mwisho halihitaji mganga wa kulifasiri: pesa zako, kaka, zitapita kama samaki. Kuna bata bukini anayeatamia, kwale wawili wanaopigana, na zimwi lililoning'inia kichwa chini. Kuna pia Kartika, ambayo ni Kilimia chetu, ile ile ambayo wakulima na mabaharia wa pwani waliitazamia.

Saa saba. Wali, sambal (pilipili ya kusaga), usingizi mfupi.

Saa nane. Anaingia mgeni kutoka Ulaya na mwenyeji wake. Anataka "zodiaki ya Bali". Bapak anamwuliza tarehe ya kuzaliwa, anaiandika kwenye programu ya kalenda iliyomo simuni, anamwonyesha chumba chake. Mgeni anashangaa: mbona hukutazama anga? Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kilimia kipo juu kweli, lakini nyota ya mtu hapa hutoka kwenye hesabu ya siku. Mimi sikushangaa. Walimu wa falaki wa kwetu huhesabu herufi za jina lako na la mama yako, wakagawa, wakakupa nyota bila kufungua dirisha.

Mgeni alipoondoka niliingiza 9 Desemba 1961. Uhuru wa Tanganyika ulikuwa Jumamosi. Kwa hesabu ya hapa ni Saniscara Wage, yaani Jumamosi ya Wage. Bapak akakumbusha kwamba siku ya kuzaliwa, otonan, huadhimishwa kila baada ya siku 210. Kwa hiyo mnadaiwa sikukuu nyingi, akasema.

Saa kumi. Bapak anapitisha mistari myeusi ya mwisho: nywele, kucha, mapambo. Hatuzungumzi naye. Kaa wangu, aliyekuwa doa jekundu tu, anapata miguu. Kazi hiyo bado siruhusiwi kuigusa, na sawa tu.

Saa kumi na mbili. Ujumbe kutoka Jakarta: familia imepata mtoto, inataka nyota yake peke yake, kwenye fremu. Pesa nzuri. Mimi nilipinga: ukikitoa chumba kimoja umepoteza hesabu nzima, umebaki na picha ya mnyama. Ibu akaona vingine, kwa kuwa yeye ndiye anayenunua mchele. Baada ya simu tatu familia imekubali kitambaa kizima, chumba cha mtoto kitiwe dhahabu. Kesho nasugua kingine.