Mianzi ya Upande wa Kushoto

Jumapili hiyo ya Machi 2017 baba alipanda kusoma somo la kwanza, kazi aliyoifanya kigangoni kwetu Kilolo tangu sijaanza shule. Alisoma kwa sauti ileile nzito. Ila kwenye kitabu palipoandikwa "hakuna", yeye alisoma "kuna". Palipoandikwa "hawatarudi", akasoma "watarudi". Padri aliinua uso. Mama, tuliyeketi naye benchi moja, alinifinya paja kana kwamba mimi ndiye niliyekosea.

Nimelifikiria sana kosa lile. Kiswahili kimeyaweka mambo yake mazito kichwani mwa neno: nani, lini, ndiyo au siyo. Meza herufi mbili za kushoto tu, umeshawarudisha watu waliokwenda moja kwa moja.

Waumini walisema ni uzee. Kumbe mimi nilikuwa nimeshafanya kosa baya zaidi ya lao. Krismasi iliyotangulia baba alilalamika kwamba "mistari inamponyoka", nami nikamnunulia miwani mjini Iringa. Haikumfaa. Nikamnunulia nyingine, yenye vioo vizito zaidi. Mimi, ambaye kazi yangu Dar es Salaam ni kuwalaza watu ndani ya mashine ya MRI, ile ipigayo picha za ndani ya mwili! Kwa mgonjwa wa mtu mwingine ningeuliza maswali matano. Kwa baba yangu niliuliza bei.

Mchana wake nilimfuata kwenye mianzi. Baba ni mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, na Machi mianzi iko kwenye utamu wake: kila kichipukizi kimekatwa ncha na kufungiwa mbeta, chombo cha kukingia, na mgema hupita asubuhi na jioni kuchonga upya kidonda na kumimina. Mbeta za upande wa kulia zilikuwa safi, zimemiminwa. Za kushoto zilifurika. Ulanzi ulichuruzika kwenye shina, nyuki wamejaa, na baadhi ya vidonda vilikuwa vimekauka kabisa kwa kutochongwa. Alizipita mbeta hizo akiimba, hatua mbili kutoka kwenye bega lake.

"Baba, hizi je?"

Akageuza kichwa. "Ahaa. Hizi nazo zipo?"

Tuliporudi jikoni nilimkalisha kwenye kigoda nikachukua mwiko wa mama, bado una ukoko wa ugali. Nikamwambia azibe jicho la kulia, atazame pua yangu, aseme "naam" akiuona mwiko. Nikauleta taratibu kutoka kushoto kwake. Ukapita sikio, ukapita shavu, ukafika karibu na pua ndipo akasema naam. Sawa, nikajisemea, jicho la kushoto ni bovu. Akaziba la kushoto. Nikauleta tena kutoka upande uleule wa kushoto. Shavu. Karibu na pua. "Naam."

Mikono ilininyong'onyea. Jicho likiwa bovu, ukitumia la pili unaona. Macho yote mawili yakipoteza nusu ileile, ubovu hauko kwenye macho. Uko huko nyuma, baada ya njia panda. Kutoka kila jicho kunatoka mshipa wa fahamu wenye nyuzi zaidi ya milioni moja, na mishipa hiyo miwili inakutana chini ya ubongo. Pale nyuzi zinazotoka nusu ya jicho iliyo upande wa pua huvuka kwenda ng'ambo, za upande wa sikio hubaki upande wake. Baada ya hapo kila kitu kilicho kushoto kwako, kiwe kimeonwa na jicho lipi, kinasafiri upande wa kulia wa ubongo, kinapita kwenye kituo kimoja katikati, kisha kinatawanyika kama upepeo hadi kisogoni. Baba alikuwa ameibiwa kisogoni, mimi nikawa nabadilisha vioo vya mlangoni.

Ndipo mama akakumbuka kwamba Novemba, mvua za kwanza zilipoanza, kichwa kilimpasua baba siku nzima, akalala, akaamka akasema ameshapona.

Baada ya Pasaka tulipanda basi Ipogoro kwenda Dar es Salaam. Baba alipata kiti cha mbele, na kondakta, kijana wa kwetu, akamsalimia "Kamwene" na kumwekea begi miguuni. Tuliposhuka Kitonga na kuingia Ruaha Mbuyuni, yeye akiangalia barabara moja kwa moja, alisema kwa masikitiko, "Upande ule mibuyu wameimaliza." Haikuwa imekatwa hata mmoja. Watu hudhani aliyepoteza nusu ya uoni anaona giza upande huo. Hapana, haoni giza. Haoni kitu, kama wewe usivyoona kilicho nyuma ya kichwa chako, wala hakikusumbui.

Habari za hospitali nitazipitisha haraka, maana foleni ni foleni. Picha za kawaida zilionyesha kovu la kiharusi, kisogoni, upande wa kulia. Daktari alieleza vizuri, akaandika dawa za presha na za kuzuia damu kuganda. Lakini mwenzangu mmoja kazini alikuwa akijifunza kuchora njia za nyuzi kwa MRI ya difusheni, akaniomba, kama mzee ataridhia, aongeze dakika kumi na chache. Baba alisikiliza maelezo yote, halafu akauliza swali ambalo Mhehe yeyote angeuliza.

"Kichwa changu mtanirudishia?"

Mwenzangu hakuelewa. Ilibidi nimweleze kwamba fuvu la Mkwawa lilichukuliwa na Wajerumani, likarudi kwetu 1954, na liko Kalenga hadi leo. Baba alicheka peke yake, akatia sahihi. Sahihi yenyewe ilianzia katikati ya mstari.

Mashine ikiwa kwenye difusheni hugonga vibaya, hata kitanda hutetemeka. Baba alilala kimya. Alipotoka alisema ni kama kulala ndani ya mashine ya kukoboa.

Picha tuliipata baada ya siku mbili, kwenye kompyuta ya mwenzangu. Nyuzi zimepakwa rangi kwa utaratibu uliozoeleka: nyekundu kwa zinazokwenda kushoto na kulia, kijani kwa za mbele na nyuma, bluu kwa za juu na chini. Kushoto mwa ubongo shada la kijani lilikwenda limenona hadi kisogoni. Kulia lilianza vizuri, likakonda, likabaki nyuzi chache kama nywele za mtu aliyeugua homa, kisha hakuna. Nilikuwa nimeshaona picha nyingi za namna ile zikisifiwa kwa uzuri wake. Ile sikuweza kuiita nzuri.

Niliichapa kwenye karatasi, nikarudi nayo Kilolo. Jioni, chini ya mianzi, nikajaribu kumweleza baba jinsi inavyochorwa, na maneno ya darasani yakaniishia mapema. Nikachukua mwanzi mkavu uliopasuka.

"Maji yakiwa humu ndani, yatakwenda wapi kirahisi?"

"Kwa urefu. Ubavuni yatatokaje?"

"Basi ubongo una maji, na maji hayatulii. Ndani ya nyuzi yanatikisika zaidi kwa urefu kuliko kwa ubavu. Mashine inapima huko kutikisika, kwa pande nyingi nyingi. Kila kachumba kenye ukubwa wa milimita mbili hivi kinasema, hapa maji yameelekea huku. Kompyuta inaunga kachumba na kachumba mpaka njia itokee."

Baba aliushika ule mwanzi, akauzungusha. Alikaa kimya muda mrefu kidogo.

"Kwa hiyo mianzi yenyewe hamkuiona," alisema. "Mmeona maji, mkakisia mianzi."

Nimesoma kurasa nyingi za tahadhari kuhusu picha hizi, na zote ziko ndani ya sentensi hiyo ya mgema. Nyuzi nyingi za ubongo unene wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo kachumba kamoja kamebeba maelfu kwa maelfu, na mashine inayachukulia kama kundi. Pale njia panda, ambako nyingine zinavuka na nyingine hazivuki, hesabu ya kawaida inatoa mwelekeo mmoja tu, na njia inapotea au inazuliwa. Kuna sehemu nyuzi hupinda kwa ghafla kuelekea mbele, karibu na sikio, kabla ya kurudi nyuma. Programu nyingi hukata kona hiyo kama dereva mwenye haraka. Hata mshipa wa jicho wenyewe ni mwembamba, umepakana na mifupa na hewa ya pua, na jicho halitulii. Nilimwambia baba haya yote. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani anayemfahamu.

"Na hizi zilizokauka," akagusa ile sehemu tupu ya karatasi, "zitachipua?"

Nilimwambia hapana. Sikuwa na namna nyingine ya kulisema.

Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa koti.

Kwa kusoma tulipata ujanja: anaweka kidole gumba pembezoni kushoto mwa ukurasa, na hapaswi kuanza mstari kabla hajakiona kidole chake. Wiki ya kwanza alisoma polepole mno, mama akasema ibada itaisha usiku. Lakini "hakuna" ilirudi kuwa "hakuna".

Ya mianzi aliitafutia mwenyewe. Mei nilipopiga simu mama aliniambia baba siku hizi anazunguka shamba kinyume, anaanzia bondeni, anapandisha, ili kila shina limkae kulia. Hajaacha mbeta hata moja. Mahali alipozoea kupita, tangu ujana wake, nyasi zimeshafika magotini.