Nyinyoro Iliyonizungusha Miaka Mitatu

Nimeipata! Picha ninayo, na yule aliyeniambia "nenda mwezi wa tano, joto likishakolea" asinitazame usoni.

Mimi ni mtu wa Nyeri, siku hizi naishi Ohio. Ua lenyewe huku linaitwa nyinyoro ya trauti, maana majani yake ya kijani yana mabaka ya hudhurungi kama mgongo wa samaki huyo. Trauti namjua tangu mito ya Aberdare, kwa hiyo kushindwa na ua lenye jina lake ilikuwa aibu.

Mwaka wa kwanza nilifuata ushauri. Mwisho wa Mei, hifadhi ya msitu ya Hocking Hills, saa moja hivi kwa gari kutoka Columbus. Viatu vipya, chai ya tangawizi kwenye chupa, nikatembea hadi magoti yakalalamika. Sikuona hata jani! Kumbe mmea huu huishi kwa kuwahi: huchomoza kabla miti haijavaa majani, ukala jua la Aprili, kisha kivuli kikifunga msituni hunyauka na kurudi wote kwenye kitunguu chake ardhini. Siku nzima nilikuwa naukanyaga kichwani.

Mwaka wa pili nikaenda katikati ya Aprili. Majani, jamani! Zulia zima kwenye mteremko karibu na kijito, ila karibu kila mmea una jani moja tu, na wa jani moja hautoi ua. Tafuta wenye majani mawili. Toka mbegu hadi kufika hapo hupita miaka kadhaa. Nikapata miwili, lakini wingu lilikuwa zito na maua yamejifunga kama miavuli. Nikangoja jua liyafungue. Ikaja mvua.

Jamaa wa kazini akasema ng'oa ukapande kwako. Usithubutu. Kitunguu kiko chini sana na shina ni jembamba, litakukatikia mkononi, mbali na kwamba mle hifadhini kuchuma mimea ni marufuku.

Mwaka huu nilifika saa sita mchana, jua linawaka. Yapo! Manjano, yameinamisha vichwa kama bi harusi wa zamani, na uzuri wote uko upande wa chini. Wenzangu walilala kifudifudi matopeni. Mimi na suruali yangu safi nikawasha kamera ya mbele ya simu, nikaitega isubiri sekunde 10, nikailaza chali juu ya majani makavu chini ya ua, nikajivuta pembeni. Ilinichukua mara tisa. Ya tisa ndiyo hiyo: petali sita zimejikunja kwa nyuma, chavua inaning'inia, anga ya bluu kati ya matawi matupu, na kwenye kona, pua yangu.

Pua nimeikata. Mama watoto anasema nimeharibu picha.