Nilivyojifunza Kuutazama Uso Wangu kwa Rangi za Mafuta

Moto uliponiunguza shavu la kushoto na sehemu ya shingo, jeraha lilitibiwa likapona, lakini kwa muda mrefu niliendelea kuukwepa uso wangu, hata picha yoyote niliyopigwa niliifuta kabla ya kuitazama. Nilikuwa mchoraji tangu ujana, ila wa nyuso za wengine. Hatimaye niliamua kujichora kwa mtindo wa uhalisia, kwa sababu mtindo mwingine wowote ungeniachia mwanya wa kujificha: kovu lililogeuzwa ua hupendeza, lakini halingekuwa langu.

Frida Kahlo wa Meksiko, aliyeumia vibaya katika ajali ya basi mwaka 1925, alianza kujichora akiwa kitandani kwa msaada wa kioo, na habari zake ndizo zilizonipa ujasiri. Kwa upande wa ngozi, hata hivyo, nilimfuata zaidi Rembrandt, aliyejichora tangu ujana hadi mwaka aliofariki, 1669, na ambaye uzeeni hakuficha mikunjo wala uvimbe wa chini ya macho.

Nilitumia kioo badala ya picha ya kamera, kwa kuwa uso ulio kiooni huchoka na kubadilika, nao humlazimu mchoraji autazame upya kila mara. Rangi zilikuwa nne tu: nyeupe, nyeusi, manjano ya udongo na nyekundu. Tabaka za chini huwekwa mafuta machache na za juu mafuta zaidi, ili picha isipasuke baadaye. Na kwa kuwa rangi hizi hukauka polepole, mafuta yake yanapoungana na oksijeni ya hewani, nililazimika kusubiri kati ya tabaka moja na nyingine. Kusubiri huko kulinifaa kuliko nilivyotarajia, maana kila niliporudi hasira ilikuwa imepungua.

Kazi kubwa ilikuwa kovu lenyewe. Ngozi yake haina vinyweleo, hivyo mwanga ulimetameta juu yake kama juu ya kigae kilichopakwa vanishi, huku shavu la kulia likiumeza taratibu. Siku zote nilikuwa nikiliita jekundu. Nilipolikazia macho, niliona zambarau iliyofifia karibu na taya, waridi katikati, na ukingo usio mstari bali unaoyeyukia katika kahawia ya ngozi nzima. Swali la watu watasema nini lilipisha swali jingine, kama rangi hii ni ya joto au ya baridi, ambalo angalau lina jibu. Nilipopima umbali kati ya jicho na nyusi, nikakuta kope nzito za baba yangu, ambazo moto haukuzigusa na ambazo nilikuwa nimeacha kuziona kwa kuliwazia shavu peke yake.

Dada yangu alipoiona picha aliuliza kwa nini kovu limehamia shavu la kulia, nami nikamweleza jinsi kioo kinavyogeuza pande. Sidai kwamba uchoraji ni dawa: ngozi ya shingo bado hukaza, na mazoezi niliyopewa na daktari nayaendeleza. Shingo hiyo, ambayo katika picha ya kwanza imefunikwa na ukosi wa shati, ndiyo ninayoichora sasa, na mikunjo yake ni migumu kuliko shavu.