Jioni Tuliyompima Gift Ngoepe

Majira ya joto ya mwaka 2016, nilipokuwa nikiishi Indianapolis, nilikaa jioni nzima katika uwanja wa Victory Field pamoja na mzee mmoja Mmarekani aliyestaafu kazi ya kusaka vipaji vya besiboli, nasi tukamtazama mchezaji mmoja tu kati ya wote waliokuwa uwanjani. Mchezaji huyo alikuwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mlinzi wa nafasi iliyo kati ya kituo cha pili na cha tatu, viwili kati ya vituo vinne anavyovikimbilia mpigaji, na swali letu lilikuwa kama angefika Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani. Hadi wakati huo hakuna mtu aliyezaliwa na kukulia Afrika aliyewahi kucheza huko. Miaka minne kabla ya hapo watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, na tangu nilipowaona kwenye televisheni, mimi niliyelelewa Tanga kwa soka peke yake, nilianza kuufuatilia mchezo huu kwa moyo wote. Kwa hiyo sikukaa pale kama mtu asiye na upande. Nilitaka afike.

Ngoepe alikulia Randburg, karibu na Johannesburg, katika chumba kilichokuwa ndani ya jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alifanya kazi, na uwanja ulikuwa nje ya mlango wao. Pittsburgh Pirates, timu ya Ligi Kuu, walimsajili mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 18, akapanda daraja baada ya daraja katika ligi ndogo mpaka akafika Indianapolis Indians, timu iliyo hatua moja tu chini ya Pittsburgh. Hatua hiyo ndiyo inayowashinda wengi. Sasa alikuwa na miaka 26, na mzee alilitaja jambo hilo kabla hata hatujakaa vizuri. “Mwanangu,” aliniambia, “mchezaji wa miaka 20 akiwa hapa, unauliza atakuwa nani. Wa miaka 26, unauliza ni nani sasa hivi.”

Wasaka vipaji hupima kwa alama zinazoanzia 20 hadi 80, na 50 ni kiwango cha mchezaji wa kawaida wa Ligi Kuu, wala si cha ligi anayochezea mtu kwa wakati huo. Mambo yanayopimwa ni matano: kuugusa mpira kwa uhakika, nguvu ya pigo, mbio, mkono wa kurushia, na ulinzi. Mtu asiyejua kipimo hicho akisikia kijana amepewa 50 hudhani amedharauliwa, kumbe amesifiwa sana, kwa sababu wachezaji wengi wa ligi ndogo hawaifikii kwa jumla.

Tuliingia mapema ili tuwaone walinzi wakipokea mipira ya chini katika mazoezi, na hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuliko wakati mwingine wowote wa jioni ile. Mzee alinikataza kuufuata mpira kwa macho. Alitaka niangalie miguu ya Ngoepe katika ile nukta ambayo gongo la kupigia linagusana na mpira, nione kama hatua ya kwanza inaelekea mahali mpira utakapofika au mahali ulipo. Hatua yake haikupotea hata mara moja. Alikuwa amekwisha kuondoka wakati wenzake wangali wanaamua, akifika mbele ya mpira mwili ukiwa umetulia, glavu ikiwa chini, mikono ikiupokea kwa kurudi nyuma kidogo badala ya kuukabili kwa ukavu, na kabla sijaona mpira ukitoka kwenye glavu kwenda mkono wa kulia, ulikuwa tayari hewani. Mchezo ulipoanza, mpira mmoja ulipigwa kwa nguvu katika ule mwanya mpana ulio kati yake na mlinzi wa kituo cha tatu, akauzuia kwa kugeuza glavu upande wa pili wa mwili, akakita mguu wa kulia na kurusha kutoka mbali hadi kituo cha kwanza. Mzee alibonyeza saa yake ya kupimia mbio, kama alivyofanya kwa kila mkimbiaji. Mpigaji wa mkono wa kulia mwenye kasi ya wastani wa Ligi Kuu hutumia takriban sekunde 4.3 kuzimaliza mita 27 na ushei za kwenda kituo cha kwanza, na muda huo ndio bajeti yote ya mlinzi: kufika, kupokea, kurusha. Ngoepe alibakiza nafasi.

“Ulinzi 65, mkono 60,” mzee aliandika. Mbio alimpa 50. Mpaka hapo hatukubishana.

Tulibishana kuhusu gongo. Ngoepe alikuwa akitolewa kwa kukosa mirusho mitatu zaidi ya mara moja katika kila nne anazosimama kupiga, na hilo mbele ya warushaji wa ligi ndogo. Jioni ile aliifukuzia mipira iliyopinda ikatoka nje ya eneo la kupiga, akapiga hewa. Mzee alieleza kwamba kuna wanaokosa kwa sababu wanadanganywa na kuna wanaokosa hata mipira iliyonyooka katikati, na kwamba wa kundi la kwanza anaweza kufundishika. Alimweka Ngoepe kati ya makundi hayo mawili, akampa 30 kwa uhakika na 35 kwa nguvu. Niliona ni ukali, lakini sikuwa na hoja ya kuzipandisha namba hizo.

Hoja yangu ilikuwa nyingine. Timu ya Ligi Kuu wakati huo iliruhusiwa wachezaji 25, na kati yao lazima awepo mlinzi wa akiba anayeweza kucheza nafasi zote za ndani bila kuharibu mchezo. Mzee alinikumbusha kwamba pale Pittsburgh nafasi ya kati ya kituo cha pili na cha tatu ilishikwa na Jordy Mercer, na kwamba Kevin Newman, aliyechaguliwa na Pirates raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji chipukizi mwaka 2015, alikuwa akija nyuma. Nilikubali kwamba Ngoepe alibanwa mbele na nyuma. Hata hivyo nilishikilia kwamba mtu akiumia katikati ya msimu, kocha hatafuti mpigaji, anatafuta mikono anayoiamini, na mikono ile tulikuwa tumeiona wote wawili. Mzee alisema kufika atafika, ila kukaa hatakaa.

Tarehe 26 Aprili 2017, kwenye uwanja wa PNC Park, Ngoepe aliingia dhidi ya Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliotangulia, na mara ya kwanza aliposimama kupiga aliupiga mpira wa mrushaji Jon Lester akafika kituo cha kwanza salama. Nililia mbele ya televisheni. Mwaka huo alicheza mechi 28 na Pirates kwa wastani wa kupiga wa .222, yaani takriban mapigo salama mawili katika kila majaribio tisa, akapata nafasi fupi tena mwaka 2018 na Toronto Blue Jays, kisha hakurudi tena Ligi Kuu. Gongo lilimrudisha kama mzee alivyosema, na glavu ilimfikisha kama nilivyosema mimi. Ningeombwa leo nimpime upya, nisingebadilisha hata alama moja kati ya zile tano, na bado ningeitaka Pittsburgh imwite.