Nyumba ya likizo tuliyoilipia kabla VAT haijashuka

Julai 8, 2020, Rishi Sunak, wakati huo waziri wa fedha wa Uingereza, alitangaza kwamba VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya hoteli, nyumba za likizo, migahawa na viingilio vya vivutio vya utalii ingeshuka kutoka asilimia 20 hadi 5 kuanzia Julai 15. Mimi na shemeji yangu tulikuwa tumeshalipia nyumba ya wiki moja huko Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ya mwezi wa Agosti. Tulilipa paundi 960 tangu Januari, pesa zote, si kianzio. Je, kodi iliyoshuka Julai inamhusu aliyelipa Januari?

Wengi niliowauliza walisema haimhusu: umeshalipa, basi. Na kwa kawaida ndivyo VAT inavyokwenda. Mwenye biashara akipokea pesa au akitoa ankara kabla ya huduma, kodi huhesabiwa kwa kiwango cha siku hiyo. Ila kiwango kinapobadilika, sheria ya Uingereza inampa mwenye biashara ruhusa ya kutumia kiwango cha siku huduma inapotolewa. Sisi tungelala pale Agosti. Kwa hiyo mwenye nyumba angeweza kuilipa serikali asilimia 5 tu, ijapokuwa pesa zetu alizipokea wakati kodi ni 20.

Kabla ya kumwandikia niliitazama ankara. Ilikuwa na namba ya VAT, na hilo ndilo la kwanza kuangalia. Wenye nyumba wengi wadogo hawajasajiliwa, maana wakati ule usajili ulikuwa wa lazima kwa mauzo yaliyozidi paundi 85,000 kwa mwaka. Asiyesajiliwa hatozi VAT, kwa hiyo hana tofauti ya kukurudishia hata akipenda.

Kisha hesabu, na hapa watu wengi hupotea. Kodi kushuka kutoka 20 hadi 5 si sawa na bei kushuka kwa asilimia 15. Bei yetu ilikuwa tayari na kodi ndani yake: paundi 800 za nyumba na 160 za VAT. Weka asilimia 5 juu ya 800, unapata 840. Tofauti ni paundi 120, yaani asilimia 12.5 ya tulicholipa. Ukidai 15 utakuwa umedai kisicho chako, na mwenye nyumba anayejua hesabu hatakusikiliza tena.

Barua ya kwanza ilikuwa ya ombi tu. Alijibu kwa adabu kwamba bei ilikuwa ya makubaliano, na kwamba serikali imeshusha kodi ili kuziokoa biashara, haikumlazimisha mtu kushusha bei. Kuhusu bei mpya alisema kweli kabisa. Lakini sisi tulikuwa na mkataba wa zamani, na kifungu cha 89 cha sheria ya VAT ya 1994 kinazungumzia hali hiyohiyo: kodi ikibadilika baada ya mkataba na kabla ya huduma, bei huongezwa au kupunguzwa kwa kiasi cha mabadiliko hayo, isipokuwa mkataba uwe umesema vinginevyo. Nikayasoma masharti yake yote, mstari kwa mstari. Hayakugusa kodi popote. Nikamwandikia tena, nikamwekea kifungu, hesabu na tarehe, bila neno kali.

Safari hii alinipigia simu. Alinieleza kwamba nyumba ilikuwa imefungwa tangu Machi kwa sababu ya corona, ikafunguliwa Julai 4, na wageni wa miezi yote hiyo amewarudishia pesa zao. Nilimwamini. Nikazungumza na shemeji, kwa kuwa nusu ya pesa ni zake, tukakubaliana tugawane: mwenye nyumba abaki na paundi 60, sisi aturudishie 60. Najua wapo watakaosema tulikuwa na haki ya zote. Ni kweli, lakini mtu aliyekosa mapato kwa masika nzima sikuona vyema kumkamua hadi senti ya mwisho. Pesa zilifika kabla hatujasafiri, pamoja na ankara iliyorekebishwa.

Kwa waliolipia safari za nje hesabu hii haiwasaidii. Tiketi za ndege Uingereza hutozwa VAT ya asilimia sifuri, na hoteli ya Hispania hufuata kodi ya Hispania.

Kifungu hicho cha 89 kinaweza pia kumuumiza mteja, kodi ikipanda. Punguzo liliongezwa muda hadi mwisho wa Septemba 2021, kiwango kikawa 12.5, na Aprili 1, 2022 kikarudi 20. Tulipotaka nyumba ya Pasaka ya mwaka huo, iliyoangukia Aprili 17, nilimwomba mwenye nyumba aandike kwenye mkataba, kabla sijatuma pesa, kwamba bei ni ya mwisho, pamoja na VAT ya kiwango chochote kitakachokuwepo. Aliandika, na hatukuongezewa kitu.