Bili ya Pili

Nakuru, Jumapili jioni

Watu wanaonisikia nikisimulia habari za mbwa wetu Shaba huniuliza upasuaji wake uligharimu pesa ngapi, nami huona ugumu wa kuwajibu, kwa kuwa upasuaji wenyewe una bei inayojulikana, lakini yanayoweza kuufuata hayana bei iliyobandikwa ukutani. Bili ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kuilipa. Ya pili ndiyo iliyonikosesha usingizi, na ndiyo ninayotaka kuiandika hapa wakati hesabu zake na maneno niliyoambiana na daktari bado ninayakumbuka vizuri.

Shaba ni mbwa jike chotara, mwekundu wa rangi ya jina lake, na kazi yake ni kulinda ua wetu hapa Kiamunyi. Msimu wa mahindi mabichi unapofika, mji mzima wa Nakuru hunukia mahindi ya kuchoma, na magunzi hutupwa kila mahali: kando ya barabara, kwenye mitaro, nyuma ya vibanda. Mbwa hupenda gunzi kwa sababu ya harufu ya mahindi na ladha ya chumvi, hulitafuna mara mbili tatu na kulimeza. Kipande kinachopita kooni bila shida huweza kukwama katika utumbo mwembamba, na kwa kuwa tumbo la mbwa haliwezi kukimeng'enya, hukaa pale pale kama kizibo kwenye shingo ya chupa. Shaba alianza kutapika chakula, akafuatia kutapika maji, kisha akaacha kuja getini mtu anapobisha hodi, jambo ambalo hajawahi kuliacha tangu alipokuwa mtoto.

Gunzi halionekani wazi kwenye eksirei jinsi mfupa au jiwe linavyoonekana. Alichokiona daktari ni sehemu ya utumbo iliyovimba kwa gesi, akathibitisha kwa ultrasaundi kwamba pameziba, akanikadiria shilingi 28,000, zikiwemo nusukaputi, upasuaji, dripu, dawa za maumivu, antibiotiki na kulazwa kwa usiku mmoja. Nililipa nusu kabla hajaingizwa chumbani na nusu nilipokwenda kumchukua. Kipande chenyewe nilionyeshwa ndani ya bakuli la chuma: kifupi kuliko kidole gumba changu, kimegeuka kijani cheusi, na vishimo vya punje bado vimepangika mstari kwa mstari.

Kabla hatujaondoka, daktari alinikalisha na kunieleza jambo ambalo ninamshukuru kwalo hadi leo. Alisema kwamba utumbo ulioshonwa huwa dhaifu zaidi kati ya siku ya tatu na ya tano, kwa sababu katika siku hizo kingo za jeraha hulainika kabla nyama mpya haijashika, na kazi yote huachiwa nyuzi. Hatari hiyo, alisema, huwa kubwa zaidi kwa mbwa ambaye utumbo wake ulibanwa kwa muda mrefu au ambaye damu yake ina upungufu wa protini iitwayo albumini, na Shaba alikuwa na yote mawili. Akainua mdomo wa Shaba na kunionyesha namna ya kubonyeza ufizi kwa kidole: rangi ikitoka na kurudi haraka, chini ya sekunde mbili, damu inazunguka vizuri, ikichelewa, au ufizi ukiwa mweupe au mwekundu kama tofali, nimpigie simu hata kama ni usiku wa manane. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39, kwa hiyo mtu asitishwe na mwili wa mbwa kuwa na joto kuliko wake. Nilinunua kipimajoto cha bei ya kawaida katika duka la dawa nikakitenga kwa kazi hiyo peke yake, na familia nzima ikaarifiwa kisichanganywe na kile cha watoto.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Alikula wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku kama tulivyoagizwa. Kisha, katika siku zile zile tulizoonywa, alikigeuzia chakula mgongo. Alikuwa akiinamisha kifua hadi sakafuni huku makalio yakibaki juu, akakaa hivyo bila kusogea, na baadaye nilijifunza kwamba huo ni mkao wa mbwa mwenye maumivu makali ya tumbo. Kipimajoto kilisoma nyuzi 40 na zaidi. Ufizi ulikuwa na ile rangi ya tofali.

Kliniki walimchoma sindano nyembamba tumboni wakavuta maji machafu yenye ukungu, na daktari alipoyatazama kwa hadubini aliona bakteria ndani ya chembe za damu nyeupe. Maana yake ilikuwa moja tu: mshono wa utumbo ulikuwa umevuja, na uchafu wa ndani ulikuwa umemwagika katika tumbo lote. Alinieleza kwamba antibiotiki peke yake haziwezi kuponya hali hiyo, kwa kuwa tundu likibaki wazi uchafu huendelea kumwagika. Kulikuwa na njia mbili: kumfungua tena siku hiyo hiyo, au kumlaza usingizi wa milele kwa sindano asiteseke. Hakunificha kwamba hata kati ya mbwa wanaofunguliwa mara ya pili wengi hufa.

Tulizungumza haya tukiwa tumesimama kwenye baraza la kliniki, na hapo ndipo nilipouliza swali lililokuwa likinichoma: "Daktari, hii ya pili analipa nani?"

Sikuuliza kwa ukali. Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa mpangilio ambao naona ni wa haki. "Mwalimu, mkono wangu sitautoza. Lakini dawa ya usingizi, nyuzi, dripu na siku za kulazwa, hivyo mimi mwenyewe nanunua." Makadirio yalikuja shilingi 41,000 baada ya kuondoa ada yake ya upasuaji. Nilishangaa kwamba bili ya pili, hata ikipunguzwa, ilizidi ya kwanza, lakini nilipoipitia mstari kwa mstari niliona sababu. Safari hii sehemu ya utumbo iliyokufa ingekatwa na ncha mbili kuunganishwa, kazi inayochukua muda mrefu zaidi chini ya nusukaputi. Tumbo zima lingeoshwa kwa lita kadhaa za maji ya chumvi yaliyopashwa moto, kisha ingewekwa mipira ya kutolea majimaji, na mbwa angelazwa siku kadhaa akipimwa damu mara kwa mara. Kila kimoja cha vitu hivyo kina bei, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuachwa ili kupunguza gharama.

Nilimpigia simu kaka yangu aliyeko Kisumu, kwa sababu mambo ya pesa kubwa katika familia yetu huanzia kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Dada, hiyo ni karo ya muhula mzima." Alikuwa anasema kweli, na sikuwa na la kumjibu isipokuwa kwamba karo ya muhula huo ilikuwa imeshalipwa. SHA, bima ya afya ya serikali, haimlipii mbwa, na bima za mifugo ninazozisikia zikitangazwa humu nchini ni za ng'ombe wa maziwa na ngamia, si za mnyama wa nyumbani. Kwa hiyo mfuko ni wako, na kila unayemwambia hujiona ana haki ya kuchungulia ndani yake. Wapo walioniambia mbwa wengine wanapatikana bure. Ni kweli wanapatikana, lakini hoja hiyo ingekuwa na uzito zaidi kama ingetolewa na watu wasiopita usiku kwenye ua wetu wakijua Shaba yupo.

Tulichofanya mimi na mume wangu ni kuweka kiwango, naye daktari tukamwambia kabla hajaanza: shilingi 45,000, na kama akifungua akakuta utumbo umeoza kiasi cha kutopona, asimwamshe. Naona watu wengi huogopa kutaja kiwango wakidhani wataonekana hawana huruma. Mimi naona kinyume chake. Daktari anayejua mwisho wa uwezo wako huchagua njia inayoingia ndani ya uwezo huo, na asiyejua hubaki akikisia huku mnyama yuko mezani. Nilitia sahihi karatasi iliyoandika yote mawili, kiwango na ruhusa. Pesa nilizipata kwa mkopo wa chama chetu cha walimu, ambacho hutoza riba ndogo na humkopesha mwanachama siku anapoomba, jambo lililoniepusha na mikopo ya simu ambayo hulipwa haraka kuliko mshahara unavyoingia.

Shaba aliponea chupuchupu. Wakati angali amelazwa, mwenzangu mmoja wa shuleni alinishauri nimshtaki daktari kwa bodi inayosajili madaktari wa mifugo nchini, KVB, inayofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2011. Bodi hiyo ina kazi yake, na mtu yeyote ana haki ya kuuliza kama anayemtibu mnyama wake amesajiliwa. Mimi nilishauliza mapema, kwa sababu mjini hapa wapo wanaouza dawa za kuku asubuhi na kuhasi mbwa jioni. Lakini mshono kuvuja si ushahidi wa uzembe. Ingekuwa ameacha kipande cha shashi tumboni, au ameniachia mbwa bila maelezo yoyote, au amekataa kupokea simu, ningeandika barua siku hiyo hiyo. Yeye alinieleza hatari kabla haijatokea, akanipa dalili za kuitambua, akaipata mapema nilipomrudishia mbwa. Mwenzangu hakuridhika, na bado huniambia kwamba aliyeshona ndiye alipe yote. Mtazamo huo naona ungemfanya kila daktari aongeze bei ya upasuaji wa kwanza ili kufidia ya wachache, au, kibaya zaidi, awakatae wanyama walio mahututi.

Gharama za nyumbani zilikuwa ndogo ndogo lakini hazikukoma haraka. Chini ya ngozi, kando ya mshono wa nje, palijikusanya uvimbe laini wa majimaji ambao daktari alisema utanyonywa na mwili wenyewe tusipoutoboa, na kweli ulinywea. Kola ya plastiki ya kumzuia asijilambe aliivunja kwa kugonga milango, nasi badala ya kununua nyingine tukakata kitako cha ndoo ya rangi ya lita nne, tukaizungushia kitambaa ukingoni na kuifunga kwa kamba ya viatu kwenye ukanda wake wa shingo. Ndoo ilidumu. Dawa ya maumivu ilikwisha mapema, na kijana wa duka la dawa, kwa nia njema, akanipa ibuprofen akisema hata yeye hunywa. Niliirudisha. Ibuprofen huweza kumtoboa mbwa vidonda tumboni na kumharibu figo, na kwa mbwa ambaye utumbo wake umeshashonwa mara mbili hilo ni sawa na kumrudisha mezani. Aliyekuwa na dawa sahihi alikuwa daktari mwenyewe, na bei yake, nilipoilinganisha, haikuwa mbali.

Jumla ya yote, nikihesabu eksirei, bili mbili, dawa za baadaye na teksi, maana boda boda hazifai kumbeba mbwa mwenye mshono wa tumbo, ni shilingi 78,300. Nimeiandika hapa wazi kwa sababu kila niliyemuuliza wakati ule alinijibu kwa mafumbo, na mtu aliyesimama kwenye baraza la kliniki anahitaji tarakimu. Kwa mwingine itakuwa chini au juu, kulingana na ukubwa wa mbwa na siku atakazolazwa.

Mkopo wa chama umebaki shilingi 6,000, na mshahara wa mwezi huu utaumaliza. Jirani anayechoma mahindi sasa hukusanya magunzi katika gunia na kuwashia jiko. Daktari amependekeza Shaba afungwe kizazi atakapopata nguvu, kwani majike wasiofungwa huweza kupatwa na usaha katika mji wa mimba umri unapokwenda, na akanitajia bei. Nimemwomba aniandikie kwenye karatasi hiyo hiyo nitalipa nini iwapo jeraha litafunguka au kuingia usaha, na yeye atabeba nini. Ameniambia hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo, lakini ataandika, na Alhamisi nitapita kuichukua.